Aliyesema hazungumzi na watekaji amemtuma nani?

Jioni ya Novemba 20, 2018, watu wenye bunduki waliingia kituo kidogo cha Chakama, bara ya Malindi katika kaunti ya Kilifi. Walifyatua risasi ovyo, wakajeruhi watu, kisha wakatokomea na msichana Mwitaliano aliyekuwa akijitolea kufanya kazi na watoto. Miezi mitano haijatimia, Aprili 12, 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa Mandera, kwenye pembe ya Kenya inayopakana na Somalia na Ethiopia. Walikuwa njiani kwenda hospitalini. Askari mmoja aliyewasindikiza aliuawa papo hapo. Wote watatu waliishia Somalia, mikononi mwa Al-Shabaab.

Mwitaliano alirudi kwao Mei 2020, miezi kumi na minane baadaye, na waziri mkuu mwenyewe alikwenda uwanjani kumpokea. Madaktari hawakurudi.

Ukivisoma visa hivi viwili kwa haraka utadhani umeshapata jibu: Italia ilitoa fedha, Kenya na Cuba hazikutoa. Ni jibu tamu, lakini lina mashimo. Serikali ya Italia haikukiri kulipa hata senti. Iliyosaidia kumtoa binti yule ni idara ya ujasusi ya Uturuki, nchi yenye ubalozi mkubwa na kambi ya mafunzo ya kijeshi Mogadishu, ambayo kwa hiyo ina masikio mahali ambapo Roma haina. Na upande wa madaktari si kwamba hakuna aliyezungumza. Wazee wa koo za Mandera walivuka mpaka kwenda kuwatafuta, wakazungumza na wazee wenzao wa upande wa pili, ilhali serikali inatoa matamko yake ya kawaida jijini Nairobi.

Kwa hiyo tukiuliza "je, serikali izungumze na watekaji?" tunauliza swali ambalo tayari limejijibu. Serikali zote huzungumza. Nyingine huzungumza kwa mdomo wake, nyingine kwa mdomo wa mzee wa ukoo, wa Qatar, wa Msalaba Mwekundu au wa kampuni ya bima. Huyo ni mshenga, na kazi yake haitofautiani sana na ya mshenga wa posa: kupeleka maneno ambayo mwenyewe hawezi kuyasema bila kujivunjia heshima.

Kauli ya "hatuzungumzi na magaidi" imefunga mafundo matatu kwenye kamba moja. Kuna kuongea. Kuna kulipa fedha za kukomboa, yaani kikombozi. Na kuna kuachia wafungwa. Kila fundo lina hatari yake, na mtu anaweza kulikubali moja akayakataa mengine. Wanasiasa huyaacha yakiwa yamefungwa pamoja kwa sababu hivyo ndivyo kauli inavyopendeza jukwaani.

Yenyewe ilizaliwa karibu na kwetu. Machi 1, 1973, kundi la Kipalestina la Black September liliuvamia ubalozi wa Saudi Arabia mjini Khartoum wakati wa tafrija na kuwashika wanadiplomasia. Waliitaka Marekani, miongoni mwa mengine, imwachie Sirhan Sirhan, aliyemuua Robert Kennedy. Rais Nixon alitamka hadharani kwamba Marekani haitakubali kulipa kwa vitisho. Balozi Cleo Noel, msaidizi wake George Curtis Moore na Mbelgiji Guy Eid waliuawa. Kuanzia hapo msimamo ule ukawa kama sheria ya nyumba huko Washington.

Sheria ya nyumba, lakini yenye dirisha. Mwaka 1985 na 1986 serikali ya Reagan iliiuzia Iran silaha kwa siri ili Wamarekani walioshikwa Lebanon waachiwe. Watatu waliachiwa. Mwaka 1986 wengine watatu walitekwa Beirut, na hesabu ikarudi ilipoanzia. Wanaopinga mazungumzo hukipenda sana kisa hiki, na wana haki: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mei 2014 Marekani iliwaachia wafungwa watano wa Taliban kutoka Guantánamo ili impate askari wake mmoja, Qatar ikiwa mshenga. Mwaka uliofuata, baada ya familia za Wamarekani waliouawa na kundi la Dola la Kiislamu nchini Syria kulalamika kwamba maofisa waliwatishia mashtaka wakithubutu kuchanga kikombozi, Rais Obama aliibadili sera. Alisema kutotoa kitu si sawa na kutozungumza, na kwamba familia hazitashtakiwa. Iliwachukua miaka 42 kulifungua fundo la kwanza.

Entebbe, tunavyoikumbuka vibaya

Ukitaja mateka Afrika Mashariki, wazee watakutajia Entebbe. Na karibu kila mtu huikumbuka kama ushahidi kwamba dawa ya watekaji ni makomando. Hebu tuitazame siku kwa siku.

Juni 27, 1976, ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv kupitia Athens ilitekwa na kupelekwa Uganda, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji kama wageni wake. Walidai wafungwa 53 waachiwe, wengi wao wakiwa Israel na wengine katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Muda wa mwisho ulikuwa Julai 1. Siku hiyo baraza la mawaziri la Israel liliamua kuzungumza. Si kwa kujifanya tu: wakati huo hapakuwa na mpango wa kijeshi unaoaminika, na waziri mkuu Yitzhak Rabin alikuwa tayari kubadilishana wafungwa endapo hakuna njia nyingine. Uamuzi ule ulizaa vitu viwili. Watekaji walisogeza muda hadi Julai 4, kwa kuwa Amin alikuwa na safari ya Mauritius kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU). Pia abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa, na walipofika Paris walihojiwa na kueleza mateka wamekaa wapi, walinzi ni wangapi, milango inafungukia wapi. Jengo lenyewe lilijengwa na kampuni ya Kiisraeli, kwa hiyo michoro ilikuwepo.

Usiku wa Julai 3 kuamkia 4 makomando walitua. Mateka 102 waliokolewa. Ndege zikajaza mafuta Nairobi njiani kurudi. Sifa zote zikaenda kwa bunduki, na mazungumzo yaliyozinunua zile siku tatu yakasahaulika.

Bei nayo husahaulika. Mateka watatu walikufa katika mapambano. Bibi mmoja aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa hiyo hakuwepo uwanjani, aliuawa kwa kisasi. Wanajeshi wengi wa Uganda walikufa. Na kwa sababu Kenya ilitoa mafuta, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa na watu wa Amin, watu ambao hawakuwa na habari ya Tel Aviv wala ya Athens. Sijaona kumbukumbu kubwa yao popote.

Uokoaji wa nguvu hufaulu mara nyingine. Januari 2012 makomando wa Marekani waliwatoa wafanyakazi wawili wa misaada, Mmarekani na Mdenmark, katikati ya Somalia bila mateka kudhurika. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2013, Wafaransa walijaribu jambo hilohilo Bulo Marer, kusini mwa Somalia, kumtoa jasusi wao aliyeshikwa tangu 2009. Mateka aliuawa, makomando wawili wakafa pamoja na raia wa kijiji. Operesheni ya aina hii huhitaji kujua mateka yuko chumba gani usiku huo huo. Taarifa kama hizo mara nyingi hutoka kwa yule yule anayezungumza na watekaji.

Soko lenye bei zake

Fundo la pili ndilo lenye kelele nyingi, na sisi wa Bahari ya Hindi tulipata somo lake kwa macho yetu. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka MV Faina, meli iliyokuwa ikielekea Mombasa na vifaru 33 ndani yake. Nairobi ilisema ni vyake, ingawa karibu kila mtu aliamini vilikuwa njiani kwenda Sudan Kusini. Februari 2009 ilikombolewa kwa dola milioni 3.2. Benki ya Dunia, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la dawa za kulevya na uhalifu na Interpol, ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2012 maharamia wa Pembe ya Afrika walivuna kati ya dola milioni 339 na milioni 413.

Ripoti yao ina mambo yanayochekesha kwa uchungu. Haramia wa kawaida alipata kati ya dola 30,000 na 75,000, na aliyekuja na bunduki au ngazi yake mwenyewe aliongezewa marupurupu. Lakini aliposubiri mwezi baada ya mwezi juu ya meli, alikula na kutafuna mirungi kwa mkopo, mirungi ileile iliyosafirishwa kwa ndege kutoka Kenya, kwa bei ya kuruka. Siku ya kugawana, deni lilikatwa kwanza. Wengine walishuka melini na kidogo sana. Mafungu manono yalikwenda kwa waliotoa mtaji, ambao hawakuwahi kulowa maji ya chumvi.

Bei hupatikana vipi? Mtekaji huanza na kiwango cha kutisha. Kampuni au familia ikipanda haraka, anajua mfuko bado una kitu na anaongeza siku. Kwa hiyo mshenga mzoefu hupanda taratibu, na kila nyongeza huwa ndogo kuliko iliyotangulia: dola laki tano, kisha laki mbili, kisha hamsini elfu, kisha elfu kumi na ushee. Anamwonyesha mwenzake, bila kutamka, kwamba kisima kinakauka. Aliyewahi kununua nyanya kwa jumla Kongowea anaujua mchezo huo, tofauti ni kwamba pale sokoni hakuna anayepigiwa simu asikie mumewe akilia. Mapatano yakifikiwa, fedha taslimu hudondoshwa kwa parachuti kutoka ndege ndogo karibu na meli, zinahesabiwa kwa mashine, mateka wanaachiwa.

Sheria ilihangaika na biashara hii. Mei 2011 wageni sita, Wakenya wakiwemo, walikamatwa uwanja wa ndege wa Mogadishu wakiwa na dola milioni 3.6 zilizodaiwa kuwa za kukomboa meli. Walihukumiwa kifungo cha miaka kumi na zaidi, kisha rais akawasamehe. Serikali inaona ni uhalifu, halafu inaona ingekuwa aibu kuwaadhibu. Hali hiyo ya kusitasita ipo kila mahali.

Ajabu ni kwamba uharamia ule haukumalizwa kwa kukataa kulipa. Wenye meli walilipa hadi mwisho. Ulififia baada ya 2012 kwa sababu meli zilianza kubeba walinzi wenye silaha, kuongeza mwendo na kuzungushia seng'enge, huku manowari za mataifa zikizunguka. Meli yenye walinzi wenye silaha haikutekwa hata moja. Walichopoteza maharamia ni nafasi ya kumpata mateka, si mtu wa kumlipia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ukikataa kulipa watekaji watakata tamaa. Kituo cha utafiti cha New America cha Marekani kilichambua visa vya mateka wa nchi za Magharibi kuanzia 2001 na kutoa ripoti Januari 2017. Katika mikono ya makundi ya kijihadi, mateka wanane katika kila kumi kutoka Ulaya bara waliachiwa. Wamarekani ilikuwa mmoja katika wanne, Waingereza mmoja katika watatu. Na watafiti hawakuona ushahidi kwamba msimamo mkali uliwakinga Wamarekani wasitekwe. Inaeleweka. Anayesimamisha gari barabarani usiku haombi pasipoti kwanza, na mateka asiyelipiwa bado ana thamani: ya video, ya kuuzwa kwa kundi jingine, ya kuuawa hadharani.

Lakini wanaopinga malipo wana hoja moja nisiyoweza kuikwepa. Fedha zile hazipotei hewani. Gazeti la New York Times lilihesabu mwaka 2014 kwamba Al-Qaeda na matawi yake walikuwa wamepokea dola zisizopungua milioni 125 tangu 2008, nyingi kutoka serikali za Ulaya, na kwamba bei ya mateka mmoja ilipanda kutoka dola laki mbili hivi mwaka 2003 hadi kufikia milioni kumi. Chanzo cha bei kupanda kiko hapo. Kampuni ya bima hubishana miezi kwa ajili ya kila dola elfu. Waziri anayekabiliwa na uchaguzi na picha ya mateka kwenye kila gazeti hana subira hiyo, na fedha anazotoa si zake. Serikali ni mnunuzi mbaya kuliko wote: tajiri, mwenye haraka, na anayeona aibu kuuliza risiti. Waliozilipa fedha zile kwa maisha yao si Wazungu. Ni wanakijiji wa Mali, Niger na Burkina Faso.

Msimamo wangu basi ndio huu, na najua mama wa mateka ana haki ya kunitemea mate: serikali izungumze daima, isilipe kutoka hazina ya umma, na isimshtaki ndugu anayechanga.

Wafungwa

Fundo la tatu ni gumu zaidi kwa sababu gharama yake huonekana baada ya miaka. Oktoba 2011 Israel iliachia wafungwa 1,027 ili kumpata askari mmoja, Gilad Shalit. Mmoja wa walioachiwa ni Yahya Sinwar. Miaka kumi na miwili baadaye ndiye, kama kiongozi wa Hamas huko Gaza, aliyeongoza mipango ya shambulio dhidi ya Israel la Oktoba 7, 2023, ambamo watu 250 hivi walichukuliwa kupelekwa Gaza.

Hapo habari ilifika mpaka nyumba za Tanzania. Vijana wawili Watanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo hawakuonekana baada ya siku ile. Wote wawili walikuwa wameuawa, lakini kwa wiki kadhaa familia zilisubiri zikiwa na matumaini. Mwili wa mmoja ulibaki Gaza hadi Novemba 2025, uliporudishwa kutokana na makubaliano ya kusitisha vita.

Hesabu ya Gaza inakata pande zote. Sinwar ni hoja dhidi ya kubadilishana. Lakini katika vita vyote vile, pamoja na nguvu zote za jeshi la Israel, operesheni za kijeshi ziliwatoa mateka wanane wakiwa hai. Makubaliano yaliwatoa zaidi ya 150. Na Desemba 2023 mateka watatu waliofanikiwa kutoroka, wakapunga kitambaa cheupe, walipigwa risasi na askari wa nchi yao kwa makosa.

Nigeria nayo ilibadilishana. Kati ya wasichana 276 wa Chibok waliochukuliwa na Boko Haram Aprili 2014, 82 walirudi kwa mpigo Mei 2017 baada ya makamanda watano kuachiwa, Uswisi na Msalaba Mwekundu wakiwa washenga. Makamanda watano kwa wasichana 82. Ukiniuliza kama ilistahili, nitakujibu ndiyo, kisha nitakaa kimya nikifikiria vijiji ambavyo makamanda wale walirudi kuvipitia.

Nani ana mshenga?

Katika mjadala huu kuna watu wasiotajwa, kwa kuwa hakuna serikali iliyowahi kusimama mbele ya kamera kukataa kuzungumza kwa ajili yao. Machi 2010 meli iitwayo Iceberg 1 ilitekwa karibu na Aden ikiwa na mabaharia 24 kutoka Yemen, India, Ghana, Sudan, Pakistan na Ufilipino. Mwenye meli aliwatelekeza. Hakukuwa na bima ya maana, wala rais wa kupigiwa kelele. Walikaa melini siku takriban elfu moja. Wawili hawakutoka hai. Waliobaki 22 waliokolewa Desemba 2012 na polisi wa baharini wa Puntland, jimbo la kaskazini mwa Somalia, baada ya kuizingira meli kwa takriban wiki mbili.

Oktoba mwaka huohuo wa 2010 ilitekwa karibu na Lamu meli ya uvuvi ya Korea Kusini, Golden Wave 305, yenye watu 43. Wakorea walikuwa wawili, Wachina wawili, Wakenya 39. Ukiitafuta habari hiyo utaikuta imeandikwa kama habari ya meli ya Korea. Waliachiwa Februari iliyofuata.

Basi mtu wa Likoni au Tanga anayepanda meli za watu hana sababu ya kukesha akibishania sera ya Marekani. La kwake ni dogo na la karibu zaidi: nikishikwa, ni ofisi gani itakayopiga simu, na simu hiyo itapokelewa na nani? Italia ina kitengo chenye watu ambao kazi yao ni hiyo. Marekani imekuwa nacho tangu 2015. Sisi tumekuwa na wazee.

Wazee wa Mandera walirudi mikono mitupu. Miaka ikapita, Cuba ikituma ujumbe, Nairobi ikisema juhudi zinaendelea. Februari 2024 familia za wale madaktari zilipata taarifa kwamba wamekufa Jilib, mji wa kusini mwa Somalia, katika shambulio la ndege ya Marekani. Taarifa hiyo haikuanzia Nairobi, Havana wala Washington. Ilitolewa na Al-Shabaab.